Gesi imepika ugali, nyumba itapashwa joto na nini?

Mwezi wa sita mwaka jana mama alinipigia simu kutoka Njombe saa tatu usiku, amejifunika mablanketi mawili. Huku Elverum, mashariki mwa Norwei, jua lilikuwa bado halijazama, nami nilikuwa uani napanga kuni za msimu wa baridi ujao. Akaniambia mtungi wa gesi niliomnunulia unamfaa sana, ugali unaiva upesi na sufuria hazina masizi tena. Ila tangu aache kuwasha kuni nyumba imekuwa baridi mno, kwa hiyo jioni anaingiza jiko la mkaa sebuleni, anafunga mlango na madirisha, anaota moto mpaka usingizi umpate.

Niliweka gogo chini. Nikamwomba afungue dirisha wakati huohuo, kabla hatujaendelea kuongea.

Sisi watu wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania habari hizi tunazijua. Kila msimu wa baridi, Makete, Njombe, Mufindi, husikika watu waliolala na jiko la mkaa ndani wasiamke. Makaa yaliyokwisha kushika, yale mekundu yasiyotoa moshi, ndiyo watu huyaona salama, kumbe yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyoonekana wala kunukia. Naumia nikisikia watu hawa wakiitwa wajinga. Wanasikia baridi, na hawajaonyeshwa njia nyingine.

Mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Nimemwona mama akifuta machozi ya moshi miaka yote ya utoto wangu. Lakini jina lenyewe linasema kupikia. Dar es Salaam au Tanga moto wa jikoni una kazi moja. Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, moto huohuo unapika na kupasha nyumba joto. Gesi imechukua kazi ya kwanza, na ya pili imebaki bila mwenyewe.

Ninapoishi sasa, baridi hushuka mpaka nyuzi 25 chini ya sifuri, na nyumba nyingi hupashwa joto kwa umeme unaozalishwa kwa nguvu ya maji. Hata hivyo sheria ya ujenzi ya Norwei inataka nyumba ndogo za familia zijengwe zikiwa na dohani, yaani njia ya kupandishia moshi mpaka juu ya paa, isipokuwa zile zinazopashwa joto kwa mabomba ya maji ya moto au zinazohitaji joto kidogo sana. Umeme ukikatika, au bei ikipanda kama ilivyopanda kusini mwa nchi mwaka 2021 na 2022, watu wanarudi kwenye kuni. Mimi nilinunua jiko langu kwa sababu ya bili za miaka hiyo.

Nilianza kwa kukosea. Niliona jiko la chuma la mtumba, zito, zuri, kroner 800 tu za Norwei, nikalibeba na rafiki yangu kwa gari la kuazima. Msafisha dohani wa manispaa alipokuja akaniuliza lilitengenezwa lini. Majiko ya kabla ya 1998 hayaruhusiwi kufungwa upya, kwa kuwa yanapeleka moshi mwingi nje bila kuuchoma. Ya sasa yana tundu la pili la hewa, juu ya moto. Hewa hiyo huingia ikiwa imeshapata moto na kuuchoma moshi kabla haujafika kwenye bomba. Ule moshi unaotuumiza macho ni kuni ambazo hazijamaliza kuungua. Ukiuacha utoke, umetupa joto ulilolibeba mgongoni kutoka msituni.

Mwishowe nilinunua jipya la bei ya chini, kroner 9,900, karibu shilingi milioni 2 na nusu. Muuzaji alitaka nichukue kubwa zaidi. Nafurahi kwamba nilikataa. Jiko kubwa katika nyumba ndogo linakulazimisha kuubana moto kwa kuupunguzia hewa ili nyumba isizidi joto, na moto uliobanwa hauwaki, unafuka. Kioo cha mlango wa jiko kinakuwa cheusi na dohani inajaa lami, ambayo siku moja inaweza kushika moto. Heri jiko dogo linalowaka kwa miali.

Lakini niwaambie ukweli, jiko ni nusu ya kazi. Nilijifunza hilo kwa magunia 30 ya kuni za mti wa bechi (birch kwa Kiingereza), mti wa gome jeupe ambao ndio kuni ya heshima huku, niliyouziwa kando ya barabara kwa jina la kuni kavu. Jiko jipya likatoa moshi kama la zamani. Jirani yangu, mzee wa miaka themanini aliyefanya kazi msituni, alikuja akachukua kipande kimoja, akapaka sabuni ya vyombo kwenye ncha moja na kupuliza kutoka ncha ya pili. Kimya. Akaenda kwake akaleta kipande chake, akapuliza, povu likatoka upande wa pili. Kuni zilizokauka, njia za maji ndani yake zimebaki wazi. Halafu akagonganisha vipande vyake viwili vikalia kwa sauti kali. Vyangu vilitoa sauti nzito iliyokufa.

Mti mbichi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukibeba kilo ishirini za kuni mbichi umebeba karibu ndoo ya lita kumi, na moto wako lazima uyachemshe hayo yote kabla haujakupa joto. Huku wanataka unyevu usizidi asilimia 20. Kuna kipimo kidogo chenye meno mawili. Pasua gogo kwanza ndipo ukichomeke katikati, maana nje hukauka mapema na kukudanganya. Watu wa hapa hukata miti mwishoni mwa majira ya baridi, hupasua kabla ya mwezi wa tano, hupanga nje penye upepo na kufunika juu tu, pembeni wakiacha wazi. Bechi isiyopasuliwa huoza ndani ya gome lake kwa sababu gome halipitishi maji.

Sasa fikiria kalenda ya kwetu. Mvua za Njombe huanza Novemba na kuisha Aprili au Mei, na baridi inaingia Juni. Yaani baridi inatukuta wakati kuni zimelowa kuliko wakati wowote. Anayekata kuni Juni ili aziwashe Juni atavuta moshi. Inabidi zikatwe mwaka unaotangulia, Julai au Agosti, zipasuliwe, ziachwe kwenye jua na upepo mpaka Novemba, kisha zilale chini ya bati mvua zote. Na kuni tunazo. Miwati ni mizito na inawaka vizuri kama bechi, milingoti (mikaratusi) imejaa, na viwanda vya mbao vina mabanzi ya paina yanayorundikwa. Tuna mafundi wa kuchomelea wanaotengeneza mageti ya ajabu. Sanduku la bati nene lenye mlango unaofunga, matundu mawili ya hewa na bomba linalopanda juu haliwashindi.

Kinachokosekana ni dohani. Nyumba za zamani za misheni na za mameneja wa mashamba ya chai zinazo, na sisi tulikua tukizitazama kama mapambo ya Wazungu. Huko Oslo, katika makumbusho ya Norsk Folkemuseum, niliingia katika nyumba ya kale ya bonde la Setesdal: moto katikati ya sakafu, tundu kwenye paa, boriti nyeusi kwa masizi. Nilinusa jikoni kwa bibi yangu. Na hawa walikaa na moshi karne nyingi.

Mama aliposikia habari ya dohani alikuwa na swali ambalo sikulitarajia: mahindi ya mbegu yataning'inia wapi? Moshi wa jikoni ndio unaofukuza wadudu kwenye dari. Alikuwa na haki. Tumekubaliana jiko la nje la kuni libaki kwa ajili ya mbegu na kwa kupika maharage, na sebuleni ijengwe dohani ya matofali ya kuchoma. Fundi amehesabu matofali 600. Nimemsisitizia mambo matatu: bomba lisiguse mbao za kenchi, dohani ipite kilele cha paa, na pabaki tundu la kuingiza hewa chini ya dirisha hata mama akilalamika.

Itajengwa nikienda likizo Desemba. Lakini wiki iliyopita amenitumia picha. Miwati imepasuliwa, imepangwa ukutani upande wa jua, juu bati limekandamizwa kwa mawe, pembeni pako wazi.