Ukigusa fankisheni, gusa na komenti yake

Juzi hapa ofisini kwetu Kijitonyama kijana mmoja alipoteza siku nzima. Alikuwa anaandaa ripoti ya miamala ya Agosti 2022, akafungua fankisheni, yaani kipande cha msimbo wa programu, ya kukokotoa tozo ya serikali kwenye miamala ya simu. Komenti ya juu, yaani maelezo ya kusomwa na binadamu tu, inasema kiwango cha mwisho ni Sh10,000. Mistari mitatu chini yake, msimbo unasema 4,000. Akaamini komenti, akaubadili msimbo uliokuwa sahihi.

Simlaumu hata kidogo. Tozo ilianza Julai 2021 na kiwango cha juu cha 10,000, Septemba ikashuka hadi 7,000, Julai 2022 ikawa 4,000. Namba ilibadilishwa mara mbili na watu wenye akili timamu, na mara zote mbili komenti ikarukwa.

Kompaila, programu inayotafsiri msimbo kwa kompyuta, haisomi komenti. Majaribio ya kawaida nayo hayaisomi. Ikidanganya, hakuna kitakacholia. Msomaji wake ni binadamu tu, mara nyingi mgeni kwenye mradi, anayetafuta wa kumwamini. Bora pasingekuwa na neno, angesoma msimbo wenyewe.

Namba angalau inaonekana. Kinachonitisha zaidi ni tabia ya fankisheni inapokwama. Komenti inasema: "Daraja la tozo lisipopatikana, inatoa hitilafu." Mtu akabadilisha, sasa inarudisha sifuri. Anayeiita amesoma komenti, hakuweka ulinzi wowote, kwa sababu ameambiwa hitilafu itamsimamisha. Haimsimamishi. Muamala unapita bila tozo, na mwingine, na mwingine, mpaka mhasibu akae na vitabu mwisho wa mwezi aone pengo. Hapo mnaanza kutafutana usiku wa manane, na kila mmoja anaapa alifuata maelezo. Ni kweli, aliyafuata!

Najua, bajeti inasomwa Juni na viwango vipya vinaanza Julai mosi, watu hawalali. Haya, nakubali. Lakini huo mstari mmoja wa komenti uko palepale machoni pako unapobadilisha namba.

Na namba zenyewe zisikae kwenye komenti. Andika sababu: sheria ipi, kwa nini hapa tunazungusha namba kwenda chini. Wanaotumia lugha ya Python wana doctest, zana inayoendesha mifano iliyo ndani ya maelezo ya fankisheni; ikipitwa na wakati inafeli mbele ya kila mtu.

Kwangu, badiliko la tabia ya fankisheni likija na komenti ya zamani, silipitishi. Hata kama mteja yuko kwenye simu.