Mwendo Uko Mguuni

Mtu anayesafiri katika barabara kuu ya kwenda Tunduma hana haja ya kujiuliza aende mwendo gani, kwa sababu penye kijiji pamesimikwa kibao cha duara chenye ukingo mwekundu na namba 50 katikati, na mbele kidogo, chini ya mti wenye kivuli kizuri, huenda yupo askari na tochi yake ya kupimia mwendo. Dereva hukanyaga breki kwa adabu zote, abiria hunyamaza, na faini ya shilingi 30,000 humfanya hata mkorofi akumbuke Mungu. Kwa bahati mbaya, adabu hiyo huishia Mbalizi. Gari likishaiacha lami na kuanza kupanda kwenda kwetu Umalila, milimani, dereva yule yule hupandisha kioo kwa ajili ya vumbi, huongeza sauti ya redio, na tangu hapo hana mkubwa.

Si kwamba barabara yetu haina vibao. Kipo cha kanisa, kipo cha zahanati, na kipo cha mganga anayerudisha waume waliotoroka, tena hicho kimerudiwa karibu kila kona, kwa hiyo mume anayetoroka kwa njia hii hawezi kudai kwamba hakuonywa. Kinachokosekana ni kile cha kumwambia mwenye gari aende kilomita ngapi kwa saa.

Sheria yenyewe ipo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kwa magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500 inaruhusu yafike 80 nje ya maeneo hayo. Niliposikia hiyo 80 nilicheka peke yangu, kwa maana fuso lililosheheni lumbesa za viazi likifikisha mwendo huo huku kwetu, basi halimo tena barabarani, limeshaaga na linaelekea bondeni. Halafu, makazi ni nini? Nyumba zetu zimetawanyika mashambani, na dereva asipoona mabati mawili yaliyofuatana hujihesabu kuwa yuko porini, hivyo nami niliyesimama mlangoni kwangu na kikombe cha chai nageuka kuwa mnyamapori.

Siku moja nilipakiwa kwenye mchomoko, yaani gari dogo la kubeba abiria, tukiwa wanne katika viti vya mbele, mimi nimekalia nusu ya breki ya mkono. Tulipofika mteremkoni kijana akatoa gia, gari likaachwa lishuke lenyewe ili kuokoa mafuta.

“Mwanangu,” nikamwambia kwa upole wa mtu ambaye hajaandika wosia, “hii barabara mwendo wake ni kiasi gani?”

“Mzee wangu, mwendo hauko barabarani, uko mguuni.”

Nikautazama mguu wenyewe. Ulikuwa umevaa kandambili iliyoshonwa kwa uzi wa kiroba.

Wapo wanaosema kwamba vibao ni gharama za bure, dereva atumie busara yake. Mwalimu mmoja mstaafu hapa kijijini alinieleza kwamba hilo lilishajaribiwa Marekani, katika jimbo la Montana, ambako miaka ya 1990 madereva wa magari madogo waliachiwa mchana waende kwa mwendo wa busara, bila namba, mpaka mwaka 1998 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliposema kwamba agizo hilo halieleweki, na mwaka uliofuata namba zikarudishwa. Na wale walikuwa na lami! Huku kwetu, asubuhi ya ukungu ambapo huoni hata ng'ombe wako mwenyewe, bodaboda mwenye abiria wawili na kreti la soda ana busara yake, fuso linalowahi mnada lina yake, na busara ya mbuzi, ambaye ndiye hasa anayeamua mwendo wa barabara hii, haijawahi kueleweka kwa yeyote.

Vijana wa kitongoji walipochoka walilaza gogo la mlingoti katikati ya barabara, wakalifukia kwa udongo, likawa tuta la kuheshimika. Lilifanya kazi kwa muda mfupi sana. Madereva waligundua kwamba ukikata kushoto kabla ya tuta, ukapita katika shamba langu la viazi, unatokea mbele bila kugusa breki, na sasa nina barabara ya mchepuko ambayo sikuiomba, yenye vumbi lake, honi zake na michomoko yake. Nilimwendea mwenyekiti kulalamika. Alinisikiliza vizuri, akaniagizia chai, kisha akaamua kwamba kwa kuwa njia hiyo inapita katika ardhi yangu, suala la kibao ni langu mwenyewe.

Basi nikachonga ubao, nikaupaka chokaa, nikaandika 20 kwa rangi nyekundu, kubwa, ya kusomeka hata kwenye ukungu. Mchomoko ulipita, fuso likapita, na matuta ya viazi yakaendelea kusagika. Gari la kwanza kupunguza mwendo lilikuwa dogo, la mama mmoja kutoka mjini, na moyo wangu ulifurahi sana nilipoona linasimama kabisa. Akashusha kioo.

“Shikamoo baba. Hiyo elfu ishirini ni kwa debe au kwa gunia?”