Usijitunze ili Ubebeshwe Zaidi

Ushauri wa kujitunza anaopewa mwanamke siku hizi una kasoro moja kubwa: mwisho wake huwa ni kazi. Fanya yoga upate nguvu za kulea. Tafakari asubuhi ili jioni usimfokee mtu. Pumua vizuri uongeze ufanisi ofisini. Kila zoezi lina mfaidika wake, na mara nyingi mfaidika huyo si yeye. Mimi nafanya yoga na naipenda, hukaa kimya kila ninapopata nafasi, na naamini mambo haya yanamfaa mwanamke yeyote. Ndiyo maana inaniuma kuyaona yakigeuzwa karakana ya kumkarabati mtu, kisha arudishwe chini ya mzigo uleule.

Mzigo wenyewe umepimwa. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa, ikaonyesha kwamba wanawake hubeba asilimia 76.2 ya muda wote unaotumika katika kazi hizo. Kwa wastani wa dunia, mwanamke hutumia saa 4 na dakika 25 kwa siku, mwanamume saa 1 na dakika 23. Sasa mwambie mwanamke huyo atenge saa nzima ya yoga, halafu usimwambie mtu mwingine yeyote aipokee saa hiyo ya kazi. Hujampumzisha. Umempunguzia usingizi.

Kwa hiyo nikiulizwa na mwanamke mwenzangu aanzie wapi, simwelekezi kwenye darasa wala kwenye mkeka. Namwambia aanze na pumzi, kwa sababu hiyo anayo tayari na haihitaji ruhusa ya mtu. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Kaa, legeza mabega, vuta pumzi kwa puani ukihesabu polepole hadi nne, kisha itoe ukihesabu hadi sita. Ukienda hivyo utafika karibu na pumzi sita kwa dakika. Sasa weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, pale mapigo yanaposikika, uendelee. Unapovuta pumzi mapigo huharakisha kidogo. Unapoitoa hupunguza mwendo. Wengine hulisikia jambo hili waziwazi, wengine kwa shida, lakini mwilini linatokea. Neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo na kushuka kifuani hadi tumboni, ndiyo inayoushika moyo na kuupunguzia kasi pumzi inapotoka. Ukirefusha kutoa pumzi, unairefushia neva hiyo muda wake wa kazi. Hakuna muujiza hapo, na mimi napenda hivyo. Ni kitu unachoweza kukifanya umesimama kwenye foleni, na hakuna atakayejua.

Baada ya pumzi, mkao ninaoupenda kuliko yote ni ule wa miguu ukutani. Kaa kwa ubavu, paja likigusa ukuta, kisha geuka ulale chali huku ukiipandisha miguu. Makalio si lazima yabane ukuta. Kama misuli ya nyuma ya mapaja inavuta, sogea nyuma kidogo na ukunje magoti. Nguo iliyokunjwa chini ya kiuno, mikono pembeni, viganja juu. Dakika za mwanzo hakuna kinachotokea isipokuwa unakumbuka vitu vyote ulivyosahau kufanya. Halafu nyayo zinaanza kupoa, kiuno kinazama sakafuni, na taya inaachia bila kuambiwa. Mwanamke aliyeshinda amesimama ataujua mkao huu una maana gani kabla hajafundishwa jina lake. Mwenye presha ya macho, au yule ambaye ujauzito wake umeshakuwa mkubwa na kulala chali kunamletea kizunguzungu, asiufanye. Alale ubavu wa kushoto na mto katikati ya magoti, na hilo nalo linatosha.

Najua picha zinazosambaa haziko hivyo. Zinaonyesha mwili mwembamba umepindana mbele ya dirisha kubwa. Lakini Patanjali, ambaye maandishi yake ya kale ya Kihindi ndiyo yanayotajwa zaidi yoga inapozungumzwa, alitaja viungo vinane vya yoga, na mikao ni cha tatu. Kuhusu mikao yenyewe alisema machache mno: mkao uwe thabiti na wenye starehe. Kabla yake aliweka maadili, na katika maadili hayo la kwanza ni kutodhuru, la pili ni kusema kweli. Nitayarudia haya mawili, kwa sababu kwangu mimi ndiyo yoga yenyewe, na ndiyo yanayosahaulika madarasani.

Ipo pia historia ambayo mwanamke anayejilaumu kwa kushindwa pozi fulani anapaswa kuijua. Sehemu kubwa ya mfululizo wa mikao unaofundishwa leo duniani ulipitia mikononi mwa Krishnamacharya, mwalimu aliyefundisha Mysore, kusini mwa India, kuanzia miaka ya 1930. Wanafunzi wake wengi walikuwa wavulana. Indra Devi, mwanamke aliyezaliwa Riga mwaka 1899, alipoomba kufundishwa, mwalimu huyo alikataa kwanza. Hakukubali mara moja. Hatimaye akampokea, na mwishoni mwa miaka ya 1940 mama huyo akafungua darasa lake Hollywood, Marekani. Aliishi hadi mwaka 2002, akiwa na miaka 102. Ninachotaka kusema ni hiki: mazoezi mengi magumu yalipimwa kwa miili ya vijana wa kiume ambao hawakuwahi kubeba mimba wala kupata hedhi. Mwili wako usipoingia katika kipimo hicho, mwenye tatizo si mwili wako.

Na mwili wa mwanamke hubadilika kweli. Wakati wa ujauzito viungo hulegea, hivyo kujinyoosha hadi mwisho wa uwezo wako ni kujitafutia maumivu ya nyonga. Baada ya kujifungua, misuli ya chini ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu na kizazi, inahitaji kurudishwa taratibu kabla ya mazoezi makali ya tumbo. Hedhi inapokoma homoni ya estrojeni hupungua sana na mifupa hupoteza uimara kwa kasi. Hapo mikao ya kusimama na kubeba uzito wa mwili ina faida kubwa, ilhali kujikunja mbele kwa nguvu kunaweza kuumiza uti wa mgongo uliokwisha dhoofika. Niseme pia wazi kwamba yoga ya polepole peke yake haitoshi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kutembea kwa haraka na kunyanyua vitu vizito vina nafasi yake.

Wapo wanaosita kwa sababu ya imani. Nawaheshimu. Anayeona maneno ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India inayotumika kutaja mikao, yanamgusa dini yake ayaache. Mgongo utanyooka na pumzi itatulia hata bila ya majina hayo.

Tukija kwenye kutafakari, hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Tunaahidiwa amani. Ukweli ni kwamba kitu cha kwanza kinachokuja ukikaa kimya, mara nyingi si amani. Ni habari. Unagundua kwamba umekasirika, na kwamba hasira hiyo ina umri mkubwa. Rafiki yangu mmoja alianza kukaa dakika chache kila jioni kabla ya kulala, macho yametazama sakafu, akifuatilia pumzi. Alichokiona ni taya yake. Ilikuwa imebana, na ilibana zaidi kila simu yake ilipotoa mlio, kwa sababu saa hizo ujumbe ulikuwa ni wa kazini. Angeweza kujifunza kulegeza taya, na alijifunza. Lakini taya haikuwa tatizo, ilikuwa shahidi. Tatizo lilikuwa mkuu wake wa kazi aliyezoea kwamba usiku wa mtu mwingine ni mali yake.

Mwalimu wa kutafakari Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mafunzo yake katika chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, wengi wa waliopelekwa kwake walikuwa na maumivu sugu ambayo tiba haikuyaondoa. Hakuwaahidi kwamba maumivu yatatoweka. Aliwafundisha kuyaangalia jinsi yalivyo, bila kuyakimbia. Nakubaliana na njia hiyo kwa maumivu ambayo hayana dawa. Ila maisha ya mwanamke yana maumivu mengi ambayo dawa yake iko chumba cha pili, imekaa kwenye kochi. Hayo kuyaangalia tu kwa utulivu, mwaka hadi mwaka, ni kujidhuru. Kutodhuru kunakuhusu na wewe. Na kusema kweli maana yake ni kufungua mdomo.

Kwa hiyo ukishakaa na kusikia, sema. Sema kwa sauti ya kawaida, siku ambayo hakuna ugomvi, na useme jambo moja linaloweza kutekelezwa: kwamba kuanzia saa fulani hadi saa fulani wewe huitwi, kwamba mtoto akilia baba yake ndiye atakayeamka, kwamba vyombo vya usiku si vyako peke yako. Usiombe msaada, maana anayesaidia ana hiari ya kuacha, na nyumba ni yenu wote. Kisha funga mlango. Watoto watagonga siku za mwanzo, wataacha wakiona kuna mtu mwingine anayewajibu. Mlezi aliye peke yake hana wa kumwachia, na simwambii maneno matamu. Kwake kujitunza ni kuchagua kitu kimoja ambacho hakitafanyika leo, na kukiacha bila kuomba radhi. Sakafu inaweza kusubiri.

Kuna hali ambazo ukimya si dawa. Aliyepitia ukatili au msiba mzito anaweza kufumba macho na kumbukumbu zikamvamia. Huyo afumbue macho, atembee polepole akihesabu hatua, na atafute mtaalamu wa afya ya akili wa kumsindikiza. Uchovu usioisha nao usiachiwe yoga. Hedhi nzito, upungufu wa damu, tezi ya thairodi iliyo shingoni isiyofanya kazi sawasawa, yote hujificha nyuma ya neno "umechoka tu, pumzika". Mwanamke akiambiwa hivyo bila kupimwa damu, ana haki ya kuomba apimwe.

Neno langu la mwisho liende kwa waajiri, kwa kuwa siku hizi nao wamependa yoga. Wanaleta mwalimu ofisini mchana, wanapiga picha, wanasema wanawajali wafanyakazi wanawake. Ni jambo jema, mwalimu aje. Lakini kabla hajaja, mkuu wa idara aache kutuma ujumbe wa kazi usiku, ratiba za zamu zitolewe mapema ili mama aweze kupanga malezi, na anayenyonyesha apate chumba chenye mlango unaofungwa. Vitu hivyo viwe vimeandikwa kwenye kanuni za kazi, vikiwa na jina la mtu wa kuulizwa visipotekelezwa. Mikeka ije baadaye.