Pengo la Mti Mkubwa Halizibwi na Miche

Nimeishi London miaka tisa sasa, na njia yangu ya kazini hupita chini ya miti ya Berkeley Square, iliyopandwa mwaka 1789 na ambayo ingali inachipua kila mwaka. Aina hiyo, iitwayo London plane, hujibambua gome vipande vipande, na masizi yaliyoganda juu yake huanguka pamoja na magamba hayo. Agosti iliyopita nilichuma jani la upande wa barabara nikalifuta kwa karatasi nyeupe ya shashi, nayo ikageuka ya kijivu.

Vumbi laini la moshi wa magari hunata juu ya majani mpaka mvua iyaoshe, ilhali gesi kama nitrojeni dioksidi huingia ndani kupitia vitundu vyao vya kupumulia. Kinachohesabika, basi, ni wingi wa majani wala si idadi ya mashina, na hapo ndipo ninapogombana na desturi ya kwetu Nairobi. Mtaani nilikokulia, jakaranda tatu kubwa zilikatwa ili yapatikane maegesho, tukaambiwa tusinung'unike kwa kuwa miche mia mbili ingepandwa. Ilipandwa kweli, na picha zikapigwa. Nilipokwenda likizo niliikuta michache tu, nayo haijafika hata gotini. Uhuru Park yenyewe tunayo kwa sababu Wangari Maathai alilipinga jengo la orofa 60 lililokusudiwa kujengwa humo mwaka 1989, na mkuyu wa Waiyaki Way ulinusurika mwaka 2020 kwa amri ya rais, kana kwamba kila mti utapata rais wa kuutetea.

Hata hivyo, nisiipambe London kupita kiasi. Makadirio ya miji ya Marekani yanaonyesha kwamba miti hupunguza uchafu wa hewa kwa chini ya asilimia moja kwa wastani, na katika barabara nyembamba matawi yaliyofungamana hufunika moshi kama kawa. Waingereza walibana kwanza makaa ya mawe, kwa sheria ya mwaka 1956, na leo jijini London gari linalochafua hewa kupita kiwango hulipa pauni 12.50 kwa siku. Matatu inayofuka moshi mweusi stejini kwetu hailipi chochote.

Bustani husaidia pia kwa kumweka mtu mbali na barabara. Nikiwa nyumbani humpeleka mama, ambaye ana pumu, akaketi ndani kabisa ya Uhuru Park, si ukingoni mwa Uhuru Highway, na mahali pa kusimama hupachagua mwenyewe, pale kifua kinapoacha kumbana.