Kabla hujaongeza RAM, soma mpango wa ulizo

Ukurasa ukichelewa kufunguka, wa kwanza kulaumiwa ni seva. Inaongezwa RAM, na wiki inayofuata uzito ni ule ule. Nimeshafanya hivyo mwenyewe, kwa hiyo simcheki mtu.

Kwenye hazina ya maudhui iliyopangwa kama mti wa vipande viitwavyo nodi, mathalani Apache Jackrabbit Oak, mimi huanza kulishuku ulizo, yaani ombi la data ambalo programu inaipelekea hazina. Jackrabbit 2, iliyoitangulia Oak, ilikuwa ikiingiza karibu kila kitu kwenye faharasa (orodha ya kutafutia haraka) bila kuombwa, na waliotoka huko wamedeka. Oak haibembelezi: ulizo lisilo na faharasa ya kulifaa hulazimika kutembea nodi kwa nodi, tawi kwa tawi. Kwenye mashine ya majaribio yenye nodi 500 hutahisi lolote. Zifike milioni 2, ndipo utaitwa usiku.

Kuna ulizo moja lililonilia siku nzima. Lilitaka makala zilizo chini ya /content/habari, zenye hali ya "imechapishwa", zipangwe kwa tarehe, zije 10 za karibuni. Liliandikwa kwa nt:base, ukoo ambao kila nodi imo. Faharasa ya hali tulikuwa nayo, tena tukijivunia! Nilipoweka neno explain mbele ya ulizo, ili hazina ionyeshe mpango wake wa kulitekeleza, mpango huo ukatuumbua: zilikuwa zikiletwa nodi zote zilizochapishwa za mti mzima, njia (ile /content/habari) inachujwa baadaye, kisha zilizobaki zinapangwa kwenye kumbukumbu. Yote hayo kwa ajili ya makala 10. Tukaunda faharasa moja ya Lucene (maktaba ya utafutaji ambayo Oak huitumia) kwa aina ya nodi ya makala tu, ndani yake hali na tarehe, tarehe ikiwa na ordered=true ili itumike kupanga, na evaluatePathRestrictions ikawashwa ili njia nayo ichujwe humo humo. Ulizo nalo tukalibadilisha litaje aina hiyo. (Kuijenga faharasa upya kunachukua muda, usijaribu saa za kazi.)

Kurukia matokeo ya 5,000 nako ni hasara, maana yaliyotangulia husomwa kisha yakatupwa. Afadhali uendelee kuanzia tarehe ya mwisho uliyoonyesha.

Ila kinachonikera zaidi ni maulizo yasiyohitajika kabisa. Nimekuta programu inaitafuta nodi ya mipangilio kwa jina, kila ukurasa unapofunguliwa, na nodi yenyewe haijawahi kuhama tangu mfumo uanze. Njia yake unaijua, iendee moja kwa moja.