Jibu Bila Yuniti

Kwa miaka 31 nilifundisha fizikia katika shule za sekondari za Kanda ya Ziwa, na kama kuna jambo ambalo wanafunzi wangu hawajalisahau hadi leo, ni ukali wangu juu ya yuniti. Mwanafunzi aliyeandika kwamba mwendo wa gari ni 5 akaishia hapo, nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamuuliza, "Tano nini? Tano mbuzi?" Kisha nilimkata maksi mbili, hata kama hesabu yenyewe ilikuwa sahihi kuanzia juu hadi chini. Nayaeleza haya mapema ili msomaji asije akadhani kwamba yaliyonipata yalitokana na kukosa elimu.

Baada ya kustaafu nilijifunza kutengeneza shanga za kioo. Nyumba yangu ipo Mabatini, jijini Mwanza, mlimani, imebanwa kati ya majabali mawili kama jino katikati ya mengine, na nyuma ya jiko nina kibanda cha mabati ambamo hufanyia kazi hiyo. Kijiti cha kioo huyeyushwa kwenye mwali wa gesi, kikazungushwa taratibu juu ya waya wa chuma uliochovywa kwenye tope la kaolini, ili ushanga ukishapoa uweze kuchomoka badala ya kugandamana na waya milele. Mke wangu huuita mchezo wa watoto. Mimi huuita maabara.

Mwaka mmoja shangazi wa bibi harusi mmoja wa Kirumba aliniagizia shanga 48 nyekundu, wekundu ulioiva, za kuvaliwa kwenye kicheni pati siku ya Jumamosi. Nilikuwa na vijiti vinavyofaa, nilivyoletewa na mpwa wangu kutoka Marekani, vya kioo kilichotiwa dhahabu kidogo sana. Nilizitengeneza shanga zote kwa siku tatu. Zilipopoa zilikuwa na rangi ya chai iliyotiwa maji mara ya pili.

Hilo halikunishtua, kwa sababu ndivyo kioo cha dhahabu kilivyo. Kikipoa haraka, dhahabu hubaki imetawanyika ndani yake bila kuonekana. Ni mpaka kipashwe joto upya ndipo inapojikusanya kuwa chembe ndogo mno, zinazomeza mwanga wa kijani na kuuachia mwekundu upite. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alikwishaonyesha mwaka 1857 kwamba chembe za dhahabu zikiwa ndogo kiasi hicho huwa na rangi nyekundu, na nilimsomea mke wangu habari hizo wakati wa chakula cha jioni ingawa hakuwa ameniuliza. Kilichohitajika, basi, kilikuwa tanuri. Maelekezo yaliyokuja na vijiti nilikuwa nimeyanakili kwa mkono wangu mwenyewe nyuma ya jalada la daftari: "Pandisha hadi 960. Shikilia saa 1. Shusha polepole hadi 700. Zima."

Nilikwenda Nyegezi kwa mama mmoja mfinyanzi mwenye tanuri dogo la umeme. Aliniuliza nitachoma kwenye nyuzi ngapi, nikamjibu 960.

"Kumbe ni kama vyungu vyangu tu," alisema.

Nilifurahi kwamba tumeelewana. Haikunipitikia kujiuliza kwa nini ushanga wa kioo laini, ambao mwali wangu mdogo wa gesi huulegeza kwa sekunde chache, uhitaji moto ule ule unaogeuza udongo kuwa chungu. Bajaji ililifikisha tanuri mpaka mahali barabara inapokata tamaa, na kutoka hapo vijana wawili walilipandisha juu ya mawe huku wakinitajia bei mpya kila walipopumzika.

Siku ya Jumatano, saa kumi jioni, nilizipanga shanga zikiwa bado kwenye nyaya zake, nikalaza nyaya juu ya matofali mawili madogo ili kioo kisiguse sakafu ya tanuri, nikaandika 960 kwenye kidhibiti cha joto, nikawasha. Mita ya Luku ilionyesha yuniti 12. Tanuri lilikuwa la kilowati 3, maana yake kwamba likiwaka saa nne mfululizo litazila zote. Lakini nilikadiria kwamba halitawaka mfululizo, kwa kuwa likishafika kwenye joto lake litakuwa likijizima na kujiwasha lenyewe. Hesabu hiyo niliifanya kichwani na ilikuwa sahihi kabisa, isipokuwa kwamba niliisahau friji.

Saa kumi na mbili na nusu mke wangu alitokea mlangoni mwa kibanda.

"Baba Kulwa, yuniti zinakwenda mbio."

"Ziache ziende," nilimjibu. "Hii ni sayansi."

Giza lilipoingia, mwanga wa rangi ya chungwa ulianza kuchungulia kwenye ukingo wa mlango wa tanuri, ukachora mstari mwembamba ukutani juu ya mtungi wa gesi. Hapa ndipo ninapojionea aibu zaidi. Mimi ndiye niliyewafundisha watoto wa watu kwamba kitu kigumu huanza kutoa wekundu hafifu kwenye nyuzi 525 hivi za Selsiasi, na kwamba kikifika rangi ya chungwa kimekwishapita hapo kwa mamia ya nyuzi. Mimi huyo huyo nilimwita mke wangu aje aone jinsi mwanga ule ulivyopendeza. Aliutazama kwa muda, akasema kwamba dagaa wangekwishaungua zamani, akarudi ndani.

Tarakimu zilifika 960 zikatulia. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikahesabu dakika kama msimamizi wa mtihani. Saa mbili kasorobo nilikuwa nikijiandaa kuanza kushusha joto hadi 700 pale nyumba nzima ilipoingia gizani, friji ikanyamaza, na kutoka sebuleni ikasikika sauti ya mtu anayejizuia kusema. Nilijifariji kwamba matofali ya tanuri ni mazito, hivyo litapoa polepole lenyewe, jambo ambalo ndilo tulilolitaka.

Asubuhi nilifungua mlango. Nyaya zote 48 zilikuwa mahali pake juu ya matofali, zimenyooka, nyeusi, na tupu. Hapakuwa na ushanga hata mmoja. Chini yake, katikati ya sakafu ya tanuri la watu, palikuwa na kitu kimoja cha duara, ukubwa wa kisosi, unene wa milimita 6 hivi, kwa maana kioo kilichoyeyuka huru hutandaa hadi kufikia unene huo na kutulia. Kilikuwa na mapovu madogo pembezoni na alama ya kidole ambayo hadi leo sijui ilifikaje. Rangi yake ilikuwa ya ini la mbuzi lililochemka, kama inavyotokea chembe za dhahabu zinapopata joto na muda mwingi hadi zikakua kupita kiasi. Nilijaribu kukibandua kwa kisu cha meza. Kisu kikapinda.

Nilimpigia simu fundi umeme mmoja wa Igoma, aliyekuwa mwanafunzi wangu, nikamweleza kwamba kidhibiti cha tanuri ni kibovu na kinadanganya. Alifika kabla ya saa nne.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kipime hicho, kimeniharibia kazi ya watu."

Alikipima kwa kifaa chake, polepole, bila kusema neno. Akakipima tena. Akaniambia kwamba kinasoma sawasawa, hakijakosea hata nyuzi tano. Ndipo akaomba kuona maelekezo niliyoyafuata, nami nikampa lile jalada la daftari kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi ushahidi wake.

Alilisoma. Akaligeuza upande wa pili, akalirudisha. Nilimwona akiangalia kijiti kimoja cha kioo mezani, kile chenye kibandiko cha Marekani, kisha akatoa simu yake akabonyeza hesabu fulani: toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. Kwenye kioo cha simu ikatokea 515.6.

"Mwalimu," alisema, akiwa ameinamisha kichwa kwa heshima zote, "maelekezo haya ni ya Farenhaiti. Na hapa hujaweka yuniti."

Kabla sijafungua mdomo, sauti ya mke wangu ilitoka jikoni.

"Na kwenye Luku pia hajaweka!"

Zilikuwa zimebaki siku mbili, na vijiti vya kutosha shanga hamsini. Nilivaa viatu, nikateremka kwenye mawe hadi kwenye duka la chini, nikamwambia muuzaji anipe umeme wa elfu ishirini. Nilikuwa nimekwishageuka kuondoka niliporudi dirishani.

"Shilingi," niliongeza.