Mzee Aliyeiandikia Tovuti Barua

Mkutubi mkuu wa maktaba ya mkoa alitaka tovuti ifunguke kwa picha yake akikata utepe, na chini yake neno la ukaribisho la aya sita. Mimi, mtengenezaji wa tovuti, nilitaka kisanduku cha kutafutia vitabu, basi. Tulivutana mpaka chai ikapoa. Mwisho tukakubaliana kisanduku kikae juu, kiwe kikubwa hata aliyesahau miwani nyumbani akione, na yeye na utepe wake washuke chini.

Kabla ya uzinduzi tukaita watu waijaribu. Kanuni ya zoezi hili ni moja: usimwelekeze mtu, kaa kimya uone anakwama wapi. Mwanafunzi wa kidato cha nne alimaliza haraka akarudi kwenye simu yake. Mama lishe wa pale getini akatafuta "keki", akapata, akauliza kama kitabu kina picha. Halafu akaja mzee mmoja, mstaafu wa serikali, koti limenyooka, kalamu mbili mfukoni.

"Shikamoo mzee. Unapenda kitabu gani?"

"Marahaba. Cha kufuga kuku."

"Basi andika hapo."

Akaanza kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Nilipoona muda unakwenda nikachungulia. Kisanduku kimejaa: "Kwa Mkutubi Mkuu. YAH: MAOMBI YA KITABU CHA UFUGAJI WA KUKU. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa mkoa huu na..." Nikauma ulimi, kanuni ni kanuni. Akamalizia "Wako katika ujenzi wa taifa", akaweka jina lake kamili, akabonyeza Tafuta.

Sasa, programu hizi hutafuta neno moja moja na kuruka vineno visivyo na uzito. Vya Kiingereza zinavijua tangu kiwandani. Vya Kiswahili, programu yetu hii hakuna aliyeifundisha, kwa hiyo "ya", "na" na "kwa" vikapewa heshima sawa na kuku. Na kitabu gani cha Kiswahili utakuta maelezo yake hayana "ya"? Katalogi nzima ikamwagika.

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Wamejibu! Na hii 636.5 ndiyo bei?"

"Hapana mzee, ni namba ya rafu. Ni mpango wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba, upo tangu 1876. Kuku wanakaa 636.5."

"Hata wa kienyeji?"

"Hata wa kienyeji."

Akaridhika, akarudi kisandukuni. "YAH: SHUKRANI. Nakiri kupokea majibu yenu. Hata hivyo, niliomba kitabu kimoja tu." Tafuta. Katalogi ikamwagika upya.

"Hawasikii hawa," akaninong'oneza, "lakini ni wakarimu."

Kumbe mkutubi mkuu alikuwa amesimama nyuma yetu. Nikafungua mdomo nimweleze habari za vineno, akaninyamazisha kwa mkono.

"Mwananchi kaandika barua, kajibiwa papo hapo," alisema. "Ofisini kwangu hiyo ni kazi ya wiki tatu. Usiguse kitu."

Jioni akaniletea maelekezo kwa maandishi, yenye muhuri: kisanduku kirefushwe, juu iwekwe nafasi ya kumbukumbu namba, na chini kabisa, "Nakala kwa:".